Mavazi ya Mwanamke Anapozeeka



Yako maswali ambayo mwalimu wa dini huyatazamia, naye huwa amekwisha yawekea majibu tangu alipokuwa chuoni. Mtu atauliza juu ya ufufuo, mwingine juu ya qadari, mwingine juu ya manabii waliotangulia. Lakini yako pia maswali madogo, yaletwayo mlangoni baada ya darsa watu wanapotafuta viatu vyao, ambayo hayamo katika daftari la mwanafunzi ye yote. Makala hii imezaliwa na swali moja la namna hiyo. Wala sioni haya kukiri kwamba siku nilipoulizwa nililijibu vibaya.

Mahali penyewe ni Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza. Mtu aendaye huko huiacha Muheza na joto lake, akapita Sigi, kisha akapanda kona baada ya kona msituni mpaka ajikute katika ukungu na mashamba ya chai. Wajerumani walianzisha hapo taasisi yao ya utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, na tangu mwaka 1997 msitu wake ni hifadhi ya mazingira asilia. Wenyeji wake ni Wasambaa, pamoja na watu wa makabila mengine ambao wazee wao walikuja kufanya kazi katika chai. Hulima iliki, mdalasini na pilipili manga, na fedha ya mazao hayo ndiyo inunuayo nguo.

Miongoni mwa waliokuwa wakihudhuria darsa yetu alikuwako bibi mmoja mjane, aliyepita miaka 60. Mwanawe alikwisha ingia katika dini. Yeye mwenyewe alikuwa bado anauliza, na daima aliketi karibu na mlango. Siku hiyo, baada ya Alasiri, alinisubiri nje. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitika, kisha akafungua furushi. Ndani yake mlikuwa na nguo mbili: kaniki moja, na doti moja ya kanga nyekundu yenye maua ya manjano, haijakatwa bado.

"Mwalimu," akasema, "mume wangu amefariki, na eda nimekwisha itimiza. Mashemeji zangu wananiambia kaniki hii ndiyo nguo yangu mpaka kaburini, kwani mjane mzee avaaye nyekundu anatafuta mume. Binti yangu aliyeko Tanga ameniletea kanga hii. Wajukuu nao wanasema nisiende arusini kwao na mvi hizi, nipake piko kwanza. Sasa Idd-el-Haj imebakiza siku kumi na mbili. Dini yenu inasema nivae nini?"

Nilikuwa na haraka ya kuwahi gari la kuteremka Muheza. Nikamjibu: "Bibi, kwa umri wako mambo ya nguo yasikushughulishe tena. Shughulika na akhera."

Alinitazama kidogo. Akaikunja ile kanga, akaiweka chini ya kaniki, akalifunga furushi lake. "Kumbe na nyinyi ni vivyo hivyo," akasema, akaenda zake. Darsa mbili zilizofuata hakuonekana.

Ndugu zangu, neno lile lilinikosesha usingizi. Nilikuwa nimezungumza kwa jina la dini, na sikuwa nimeiuliza dini inasemaje. Basi nikarudi katika Kitabu, na haya ndiyo niliyoyakuta.

NGUO NI NEEMA YA WANADAMU WOTE

Katika Sura Al-Aaraf, aya ya 27 (kwa kuihesabu Bismillahi), Mwenyezi Mungu anawakumbusha wana wa Adamu kwamba amewateremshia nguo kwa makusudi mawili: kuzisitiri tupu zao, na kuwa pambo kwao. Kisha analitaja vazi la tatu lililo bora kuliko yote, nalo ni vazi la uchaji.

Tuyatazame maneno haya kwa utulivu. Wanaosemeshwa ni wana wa Adamu, si vijana wa Adamu. Bibi wa Amani ni binti Adamu kama alivyo mjukuu wake aliye darasani. Tena pambo limetajwa pale pale ilipotajwa sitara, kuwa ni neema itokayo kwa Mungu Mmoja. Wala vazi la uchaji halikutajwa ili livae mahali pa zile nguo nyingine. Limetajwa kuwa ndilo bora, na kilicho bora hakiwi bora ila panapokuwa na vingine vizuri vya kulinganishwa navyo.

Mbele kidogo, katika aya ya 32 ya Sura hiyo hiyo, wana wa Adamu wanaamrishwa kuchukua pambo lao kila waendapo mahali pa ibada, kula na kunywa, na kutofanya israfu. Na katika aya ya 33 yanakuja maulizo ya kuogofya: ni nani aliyeliharimisha pambo ambalo Mwenyezi Mungu amewatolea waja wake? Niliposoma hapo nilijiona mimi ndiye niulizwaye. Maana bibi yule alitaka kujua avae nini aendapo kuswali Idd, na jambo hilo Mungu amelitolea amri. Nami nilimwambia lisimshughulishe!

SHERIA HULEGEZA MWANAMKE ANAPOZEEKA

Aya imhusuyo mwanamke mzee hasa imo katika Sura An-Nur, nayo ni ya 61. Humo wametajwa wanawake waliokaa kwa uzee, ambao hawatumaini tena ndoa, na imeelezwa kwamba si dhambi kwao kuziweka kando nguo zao za juu, mradi wasidhihirishe mapambo. Na kujizuia ni bora kwao.

Watu huikosea aya hii kwa pande mbili. Wako wanaodhani kwamba mzee amefunguliwa kila kitu, hata ajiendee atakavyo. Sivyo. Nguo zinazosemwa ni zile za juu, kama buibui au shela kubwa ambayo mwanamke hujitanda juu ya nguo zake atokapo. Nguo za kumsitiri mwili zimebaki pale pale. Na wako wanaodhani kwamba, kwa kuwa yamekatazwa mapambo kudhihirishwa, basi mwanamke mzee amehukumiwa kuvaa nyeusi. Hao nao wamekosea. Kinachokatazwa ni kujionyesha, yaani kujipamba na kutembea ili macho ya wanaume yafuate. Kanga ya maua, ambayo kila mama kijijini huivaa aendapo sokoni na matangani, haimwonyeshi mtu. Yamsitiri na kumpendeza.

Lakini jambo kubwa la aya hii ni mwendo wake. Kadiri mwanamke anavyozeeka, Mungu anampunguzia mzigo. Joto limemzidi, mabega yamechoka, macho hayaoni vizuri njia. Basi Muumba wake anamwambia, lililokuwa wajibu ulipokuwa kijana, leo una ruhusa nalo. Mila zetu nyingi zimekwenda kinyume cha mwendo huo. Msichana huachiwa, naye mjane mzee ndiye akazwaye. Mungu amelegeza, na mashemeji wamekaza.

Tena niseme neno juu ya ile lawama ya kutafuta mume. Je, kutafuta mume ni aibu? Bibi Khadija r.a., kwa mapokezi yaliyo mashuhuri, alikuwa mjane wa miaka 40 alipoolewa na Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w., na Bibi Sauda r.a. alikuwa mjane mtu mzima. Mjane anayetaka ndoa ya halali hana la kuonea haya; naye asiyetaka asisingiziwe. Kwa hali zote mbili rangi ya kanga si ushahidi.

EDA INA MWISHO WAKE

Juu ya mjane, Kurani Tukufu imetaja muda kwa hesabu. Katika Sura Al-Baqara, aya ya 235, eda ya aliyefiwa na mume imewekwa kuwa miezi 4 na siku 10. Na baada ya muda huo kutimia, imeelezwa kwamba hakuna dhambi kwa yale anayoyafanya juu ya nafsi yake kwa njia ya wema. (Mjane mwenye mimba eda yake huisha kwa kujifungua.) Katika eda huacha manukato na kujipamba, eda ikiisha, marufuku nayo imekwisha. Mungu aliyetaja hata zile siku 10 juu ya miezi 4 hakusahau kutaja umri uliosalia. Angetaka kuuongeza angeuongeza. Basi ni shemeji gani awezaye kuongeza?

Wake wa Mtume s.a.w. waliufahamu mpaka huu vizuri sana. Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba Bibi Umm Habiba r.a., baada ya kufiwa na baba yake Abu Sufyan, aliitisha manukato ya rangi ya manjano siku ya tatu, akajipaka. Akaeleza kwamba hakuwa na haja nayo. Ila alimsikia Mtume s.a.w. akikataza mwanamke kumlilia maiti kwa kuacha mapambo zaidi ya siku tatu, isipokuwa mume, ambaye kwake ni miezi 4 na siku 10. Hakuwa msichana siku hiyo, wala moyo wake haukuwa mkavu kwa baba yake. Alijipaka ili watu waone kwamba huzuni ya Muislamu ina mpaka, na mpaka huo umewekwa na Mungu.

MWANAMKE HUAMULIWA, HAULIZWI

Wenye kuipenda kaniki watasema, hii ni heshima ya zamani. Tuitazame hiyo zamani. Wakati wa utumwa katika Unguja na pwani yetu, mjakazi alitambulikana kwa nguo yake: merikani isiyotiwa rangi, au kaniki. Hali ya utumwa ilipofutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliziacha nguo zile upesi, wakajifunga kanga za rangi, na baadaye wakavaa buibui kama waliokuwa mabibi zao. Biashara ya kanga ilikuwa imekwisha kushamiri. Duka la Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye watu humjua zaidi kwa jina la Abdulla, lilianzishwa mwaka 1887. Kwa wanawake hao kanga haikuwa upuuzi wa dunia. Ilikuwa tangazo kwamba mvaaji wake ni muungwana. Simkatazi mtu kaniki. Ni nguo ya halali, na shambani ni nzuri. Lakini kumvika mtu kwa nguvu nguo asiyoitaka, na kuiita heshima, ni jambo ambalo pwani hii ililijua zamani, na halikuwa heshima.

Hata baada ya Uhuru mwanamke aliendelea kuamuliwa. Tarehe 1 Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianza Operesheni Vijana katika mji wa Dar es Salaam, ukipiga vita sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua. Sitetei sketi fupi, na juu ya dawa za kujichubua nitasema hapa chini. Ila fikirini: msichana aliyekuwa na miaka 18 mwaka ule, leo amepita miaka 70. Alipokuwa kijana aliambiwa nguo yake ni fupi. Leo anaambiwa nguo yake inang'aa. Tangu usichana wake hadi ubibi wake kila mtu amekuwa na neno juu ya nguo yake, na hayupo aliyeketi naye akamweleza Mungu anamtakia nini, ili moyo wake mwenyewe uchague. Vazi la uchaji halivalishwi na polisi, wala na vijana wa chama, wala na mashemeji. Linashonwa ndani.

Wako pia ndugu wapya wadhanio kwamba kuingia katika Uislamu ni kuvaa nguo za taifa fulani. Nilipokuwa nikisoma ng'ambo, tulikuwa wanafunzi wa nchi nyingi katika bweni moja, na kila mmoja alikuwa na picha ya mama yake ukutani. Mama wa Kiindonesia alijifunga kitambaa chake cha nakshi, mama wa Kipakistani alivaa shalwari na kanzu na dupatta, mama wa Kigambia alikuwa na gauni pana na kilemba kikubwa. Mama yangu alikuwa katika kanga mbili. Wote walikuwa wamesitirika, wote walikuwa wazee, wote walipendeza, na hapana aliyehitaji kuazima nguo ya mwenziwe ili awe Muislamu.

MVI, HINA NA MADAWA

Sasa tuje kwa wajukuu. Ujana ni moshi, ukienda haurudi, na Kurani Tukufu katika Sura Ar-Rum, aya ya 55, imeuonyesha uzee kuwa ni mpango wa Muumba: udhaifu, kisha nguvu, kisha udhaifu na mvi. Mvi si kosa lililotendwa na bibi yenu. Mtume s.a.w. alikataza kuzing'oa, akafundisha kwamba ni nuru kwa Muislamu.

Je, kuzipaka rangi ni haramu? La. Siku ya kutekwa Makka aliletwa Abu Quhafa, mzee wake Abubakar r.a., na kichwa chake kilikuwa cheupe pe. Mtume s.a.w. akaagiza weupe ule ubadilishwe, na nyeusi iepukwe. Kwa hiyo hina ni njia njema, nayo bibi zetu wa pwani wameijua tangu zamani. Juu ya rangi nyeusi wanavyuoni wamehitilafiana. Lakini wote wanakubaliana kwamba haifai inapokuwa hila ya kumdanganya mtu, kama vile mchumba, juu ya umri.

Basi bibi akipenda hina, apake. Akipenda mvi zake, aziache. Kulazimishwa ndiko kusikofaa. Na piko ina hatari yake: zile rangi nyeusi za madukani zina kemikali ambazo huwaunguza baadhi ya watu, wakavimba uso na kutoka malengelenge. Mabaya zaidi ni mkorogo na sabuni za kujichubua. Nyingine zina zebaki, ambayo hupenya ngozini ikaharibu figo. Nyingine zina dawa za steroidi, ambazo zikipakwa kwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba, na ngozi ya mzee tayari ni nyembamba. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuingiza nchini na kusafirisha nje vipodozi vilivyotiwa zebaki. Lakini bado huuzwa kwa siri. Mwili ni amana. Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Hakuna haja ya kununua uzuri wa namna hiyo kwa figo zako.

KIPIMO NI KIPI?

Muulizaji atataka kipimo kifupi cha kwenda nacho dukani. Mtu mmoja alimweleza Mtume s.a.w. kwamba anapenda nguo yake iwe nzuri na viatu vyake viwe vizuri; je, hicho ndicho kiburi? Akajibiwa kwamba sivyo, kwani Mungu mwenyewe ni Mzuri na anaupenda uzuri. Kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Kadhalika Mtume s.a.w. alionya juu ya nguo ivaliwayo kwa ajili ya kujitangaza. Kutokana na hayo yote twaweza kusema: nguo ya mama mtu mzima iwe ya sitara, safi, ya kiasi cha uwezo wake, isiyo ya deni, na isiyomfanya amdharau jirani yake.

Na naongeza mambo ya kawaida, kwa kuwa dini haidharau mambo ya kawaida. Upindo usiburure, njia za Amani ni udongo mwekundu wenye utelezi, na mzee akianguka hupona kwa shida. Mwenye vidole vilivyokakamaa kwa baridi yabisi ashonewe gauni lifungukalo mbele, ajivae bila kumwita mtu. Miezi ya Juni na Julai, ukungu ukishuka, sweta na soksi si anasa. Na viatu viwe vyenye kushika ardhi. Ndara zilizolika soli ni mtego.

Nanyi watoto na wajukuu! Mzee akifa tunakimbia dukani kununua sanda nyeupe, mpya, hatuulizi bei. Lakini ni lini mara ya mwisho tulipomnunulia nguo mpya angali hai, tukamwuliza anapenda rangi gani? Sanda ni haki ya maiti. Aliye hai ana haki ya kwanza, naye aweza kutushukuru.

Labda mtu atasema, mama zetu wengine hawana nguo ya kuendea Idd, ndiyo maana hukaa nyumbani. Swali hilo pia liliulizwa zamani. Mtume s.a.w. alipoamrisha wanawake wote watoke siku ya Idd, alielezwa kwamba pengine mmoja wao hana nguo ya juu ya kujitanda. Hakusema basi abaki. Alisema dada yake amvike katika nguo zake. Methali yetu yasema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Lakini ndugu akimvika ndugu yake kwa ajili ya Mungu, hiyo yasitiri wawili.

MTUME NA BIBI MZEE

Imepokewa kwamba bibi mmoja mzee alimwomba Mtume s.a.w. amwombee kwa Mungu aingie Peponi. Kwa mzaha mwema akamjibu kwamba vizee hawaingii humo. Bibi akaondoka akilia. Mtume s.a.w. akaagiza afuatwe na kuelezwa kwamba hataingia akiwa mzee, kwa kuwa Mwenyezi Mungu atawaumba upya wanawake wa Peponi na kuwafanya vijana. Akamkumbusha yasemwayo katika Sura Al-Waqia.

Nilipokumbuka kisa hiki nilijiona nilivyopungukiwa. Mtume s.a.w. alipoona bibi analia, hakuacha jua lichwe. Alimtumia mtu saa ile ile. Mimi bibi yangu aliondoka na furushi lake, nami nikapanda gari.

Siku tatu kabla ya Idd nilipanda tena Amani, pamoja na mke wangu. Tulimkuta uani akianika iliki juu ya mkeka. Nikamwambia: "Bibi, nilikukosea. Nilikujibu bila elimu. Nimekuja kuomba radhi na kulijibu swali lako upya."

"Kaa kwanza," akasema. "Unywe chai."

Tukanywa chai. Nikamsomea aya zile moja moja na kumfasiria. Alinyamaza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza tena ile hesabu ya eda, miezi na siku, akaihesabu kwa vidole. Alimtuma mtoto akawaite mashemeji. Walikuja wawili. Nikawasomea nao. Mkubwa akasema kwamba, kama Mungu ameweka mpaka, yeye hawezi kuuvuka. Mdogo hakusema neno. Naye hatumlazimishi, kwa sababu hakuna kulazimishana katika dini.

Siku ya Idd ukungu ulichelewa kuondoka. Bibi alikuja na gauni refu, na juu yake kanga ile nyekundu, imekatwa na kupindwa vizuri. Mvi alikuwa ameziacha kama zilivyo. Aliwaambia wajukuu zake kwamba zimemchukua miaka mingi kuzipata. Nikaangalia kanga ya pili ya doti ile, sikuiona kwake. Ilikuwa mabegani mwa jirani yake, mama mmoja mchuma chai ambaye sikuwa nimemwona katika swala siku zote nilizopanda Amani. Wala mimi sikuwa nimewahi kumsimulia bibi ile Hadithi ya nguo ya dada. Niliisoma katika hotuba asubuhi ile ile, nao walikuwa wamekwisha keti.

Bibi huyo hadi leo bado anauliza, na siku za darsa huketi mahali pake karibu na mlango. Namwachia Mwenyezi Mungu moyo wake. Nawe ndugu msomaji, uliye katika kutafuta, usiipime dini kwa jibu la haraka la mtu mwenye gari la kuwahi. Rudi ukaulize tena. Nasi walimu tumwogope Mungu katika kila neno tusemalo kwa jina lake.

Ee Mola wetu, wasitiri mama zetu katika uzee wao kwa nguo njema na kwa watoto wema, uwavike vazi la uchaji, nasi utuvike unyenyekevu mbele yao. Amin.